Jina Liandikwe Kabla Jua Halijazama

Tuanze na sahani. Katika kasho nyingi za Masisi na Walikale, huku Kivu Kaskazini, mfungwa hapikiwi. Anayemlisha ni mkewe, mama yake au shemeji yake, anayefika na bukari na sombe zimefungwa kitambaa. Mlinzi anapokea mlangoni, na baada ya nusu saa anarudisha chombo. Kitazame. Kikirudi kitupu, mtu wako anakula. Bukari ikirudi imemegwa kidogo tu pembeni, jiulize mikono yake ina nini, au mdomo wake. Kikirudi vilevile kilivyokwenda, huenda mtu wako hayupo tena pale, na mlinzi hataki kuwa wa kwanza kukuambia. Usiondoke na sahani peke yake. Omba na nguo chafu ukazifue. Shati lenye doa la damu mgongoni, suruali iliyochanika magotini: hayo yanasema mapema kuliko karatasi yoyote.

Mwongozo huu ni wenu ninyi mnaobaki nje: delege mwenzake, mke, mume, katibu wa sendika, mwalimu mkuu wa shule yake. Anayeshikwa anaweza kuwa mwalimu wa NU, yaani wa zile shule mpya ambazo walimu wake hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara, aliyesimama kuwasemea wenzake. Anaweza kuwa muuguzi wa kituo cha afya, dereva, au mfanyakazi wa mgodini. Malalamiko huku hayatafutwi kwa tochi: benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, na mshahara ambao tayari ulikuwa ukichelewa ukawa safari ya siku kadhaa. Anayeuliza mshahara uko wapi anaonekana mchochezi.

Mengi nitakayoyasema yanatoka kwenye jambo moja. Kipigo kibaya zaidi kwa kawaida huja saa za mwanzo, kabla jina halijaingia kwenye daftari la kasho. Mtu asiyeandikwa hayuko popote, na asiyekuwapo popote hana aliyempiga. Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza si kumtoa. Ni kuhakikisha ameandikwa, na kwamba aliyemwandika anajua kesho mtarudi.

Kabla ya kugoma

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inalinda uhuru wa sendika katika kifungu cha 38 na haki ya kugoma katika kifungu cha 39. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataka kwanza njia za usuluhishi zimalizwe, mbele ya mkaguzi wa kazi, ndipo wafanyakazi waache kazi. Wengi hulidharau sharti hilo kwa sababu mkaguzi yuko mbali au hajibu. Msilidharau. Barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ndiyo itakayoonyesha siku ya pili kwamba huu ni mgogoro wa mshahara. Msipoipata, OPJ, yule afisa wa upelelezi anayeandika mahojiano, atakuwa huru kuuita jina lolote analotaka.

Tayarisheni bahasha. Ndani yake muwe na nakala ya ilani ya mgomo, kadi ya sendika, hati ya kumchagua delege, na karatasi moja yenye majina ya watu watatu wa kupigiwa simu, pamoja na magonjwa na dawa zake. Mwombeni pia muuguzi mnayemwamini aandike makovu aliyonayo tayari: la kuungua utotoni, la panga la shambani. Siku ya kuthibitisha kovu jipya mtaona faida yake. Nakala moja ikae kwa mtu aliye nje ya territoire, Kisangani au Kinshasa, kwa sababu barabara inayotoka Goma kupitia Sake, Masisi na Nyabiondo hadi Walikale hukatika kwa mapigano, na mtandao wa simu hukatika nayo.

Simu zisafishwe. Kundi la WhatsApp lenye majina ya wanachama wote ni orodha ya kukamatia iliyokwisha kupangwa vizuri. Picha za askari, za upande wowote, zifutwe hata kama ulitumiwa tu.

Nani amemshika?

Hili ndilo swali la kwanza, kabla ya kuuliza kosa lake. Rubaya, yenye koltani, iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Masisi-centre ikafuata Januari 2025. Walikale-centre ilitekwa Machi 2025, kisha M23 wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Upande wa serikali nao kuna polisi, jeshi, idara ya usalama ya ANR, na makundi yenye silaha ya Wazalendo, ambayo kila moja lina komanda wake na wakati mwingine kasho yake. Mtu mmoja anaweza kushikwa na kundi hili asubuhi na kukabidhiwa lile jioni. Kila makabidhiano ni saa ya hatari, kwa hiyo andikeni: nani alimchukua, kwa gari au pikipiki ya rangi gani, saa ngapi, kuelekea wapi, nani aliona.

Akiwa mikononi mwa polisi au jeshi, mnayo sheria ya kushika. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, katika lugha anayoielewa. Aweze kuwasiliana na jamaa zake au avoka wake. Na asikae kasho ya polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kufikishwa mbele ya sheria. Kanuni za OPJ za mwaka 1978 zinamruhusu kukamata mtuhumiwa wa kosa lenye adhabu ya miezi sita au zaidi, si kila aliyempandishia sauti msimamizi. Mtaambiwa barabara ni mbaya, haiwezekani kumpeleka mbele ya mwendesha mashtaka kwa siku mbili. Barabara ni mbaya kweli. Lakini Katiba haikuandika kwamba matope yanaongeza saa.

Mtaambiwa pia kuna hali ya kuzingirwa, ile *état de siège* iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 katika Kivu Kaskazini na Ituri. Ni kweli iliwapa wanajeshi madaraka ya kukamata na kupekua mchana na usiku, kupiga marufuku mikutano, na ilipeleka kesi za raia kwenye mahakama za kijeshi. Lakini kifungu cha 61 cha Katiba hiyohiyo kinataja yasiyoguswa hata wakati huo, na miongoni mwake ni katazo la mateso na haki ya kujitetea. Ujue kifungu hicho kwa namba. Komanda aliyezoea kusikia vilio hushtuka kidogo akisikia namba.

Mlangoni

Msiende kundi zima. Wanachama ishirini mbele ya posti ni mkutano usio na ruhusa, na mtaongeza wafungwa. Waende watu wawili, watatu wakizidi: mzee anayeheshimika, mchungaji au mjumbe wa mwami, na mama mmoja. Mwingine abaki mbali akiwa na simu, akijua kwamba wenzake wasipotoka baada ya saa moja ndiye wa kupiga.

Maneno yawe ya upole na yawe machache.

"Chefu, shikamoo. Tumekuja kwa ajili ya ndugu yetu, mwalimu aliyeletwa leo asubuhi."

"Hapa hakuna mwalimu."

"Sawa, chefu. Basi tunaomba utuangalizie kwenye daftari, tuwaambie wazee nyumbani kwamba hayupo."

Msibishane naye kama yupo au hayupo. Daftari ndilo linalotakiwa lifunguliwe. Akilifungua na jina halimo, muulize jina lake yeye na cheo chake, kwa adabu, na mwandike mbele ya macho yake. Mara nyingi jina la mfungwa huonekana muda huohuo. Jina likishapatikana, ombeni kumwona kwa dakika moja, mumpe chakula na blanketi. Masisi ni milima na usiku wake una baridi. Kulala juu ya saruji iliyomwagwa maji ni mateso ambayo hayaachi alama.

Pesa. Sitajifanya kwamba sijui. Familia nyingi hulipa ili mtu atoke, na nani atamlaumu mama aliyeuza mbuzi? Lakini kufunguliwa hakuna bei. Kinachokubaliwa na sheria ni dhamana au faini yenye risiti, na mnayo haki ya kuidai risiti hiyo. Mkilazimika kutoa, msikubali sharti la pili linalokuja mara nyingi pamoja na pesa, yaani kunyamaza kuhusu kipigo na kutokwenda hospitali.

Neno moja ndani ya PV

Hapa ndipo watu wetu hupotelea, na nitakaa kidogo. Ndani ya PV, ile karatasi ya mahojiano, mgogoro wa kazi unaweza kugeuzwa kuwa kitu kingine kabisa kwa neno moja: uasi, kueneza uvumi wa uongo, kikundi cha wahalifu, ushirikiano na adui. Kikundi cha wahalifu na uhaini vina adhabu ya kifo katika sheria ya Kongo, na Machi 2024 serikali iliondoa usitishaji wa kutekeleza adhabu hiyo uliokuwapo tangu 2003. Mwenye tuhuma ya mshahara hupigwa makofi. Mwenye tuhuma ya kumtumikia adui hupigwa apate kutaja wengine. Kwa hiyo pigania neno.

Ndiyo maana ya ile bahasha. Nakala ya ilani ya mgomo imfikie OPJ kabla hajamaliza kuandika, na ombeni iambatanishwe na faili. Mfungwa mwenyewe, kila akijibu, arudie maneno yaleyale: kazi, mshahara, delege, barua ya tarehe fulani. PV huandikwa Kifaransa. Adai isomwe kwa Kiswahili, au kwa lugha anayoisikia vizuri zaidi, Kihunde, Kinyarwanda au Kinyanga. Asitie saini karatasi tupu wala asichokielewa. Anaruhusiwa kukataa, na OPJ anatakiwa kuandika kwamba amekataa na sababu yake. Akipigwa ili asaini, asaini abaki hai, halafu aseme mbele ya mwendesha mashtaka, siku ya kwanza, kwamba alipigwa.

Kugeuza madai ya wafanyakazi kuwa vita si jambo la juzi. Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière walipogoma Elisabethville wakidai nyongeza, jibu lilikuwa risasi, na kiongozi wao Léonard Mpoyi aliuawa. Mwaka 1944 uasi wa wafuasi wa dini ya Kitawala ulioongozwa na Bushiri ulipita kwenye misitu ya huku kwetu, kati ya Masisi na Lubutu. Faili za wakoloni zilijaa habari za dini potovu, lakini nyuma yake kulikuwa na mpira wa kukusanywa kwa lazima kwa ajili ya vita vya Wazungu, na kiboko kwa asiyetimiza. Mkitaka kujua jinsi neno linavyofunika jambo, angalieni hapo.

Mwili wake

Ikipita siku na hamjamwona, au shati limesema lililosema, ombeni daktari. Kinachotakiwa ni rekizisyo, barua ya OPJ au ya mwendesha mashtaka kumtaka daktari ampime. Akikataa kuitoa, andikeni ombi wenyewe, mlipeleke nakala mbili, moja irudi na muhuri. Muhuri wa kukataliwa nao ni ushahidi.

Akitoka, hata akisema hajambo, apelekwe siku hiyohiyo hospitali kuu ya rejea, ya Masisi au ya Walikale, au kituo kilicho karibu. Wanaume wetu hupenda kusema hajambo. Muulizeni rangi ya mkojo wake. Mkojo wa rangi ya chai nzito baada ya kipigo una maana kwamba nyama za mwili zimevunjika na figo zinazidiwa; huyo hangoji asubuhi. Muulizeni kama sikio moja limeziba, kwa sababu kofi la viganja viwili hupasua ngoma ya sikio. Muulizeni kama nyayo zinauma akikanyaga. Kwa aliyebakwa, mwanamke au mwanamume, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa ndani ya saa 72 tu, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Aulizwe na mtu mmoja, faraghani, si mbele ya kamati. Mwanamke aliyezuiliwa asindikizwe na wanawake tangu mwanzo, nanyi mdai kwamba awekwe mbali na wanaume.

Piga picha za majeraha mara mbili: moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, nyingine ya karibu ukiweka sarafu au rula pembeni. Rudia baada ya siku tatu, maana michubuko hujitokeza baadaye. Andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Picha ni zake. Asiporuhusu, haziendi popote.

Sheria namba 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011 inamwadhibu mtumishi wa serikali aliyetesa kwa kifungo cha miaka 5 hadi 10, na hadi 20 kama ameacha madhara makubwa. Kifo kikitokea ni kifungo cha maisha. La muhimu zaidi kwa hali yetu: kosa hilo halifi kwa kupita muda. Kama leo hakuna wa kumshtaki, karatasi zihifadhiwe vizuri, zifungwe nailoni, zikae mahali pasipovuja.

Kwenye mikono ya wenye silaha

Akiwa mikononi mwa M23, au kundi lolote msituni, vifungu vya Katiba nilivyovitaja havitafungua mlango. Mbaya zaidi, karatasi yenye muhuri wa serikali inaweza kusomwa kama ushahidi wa ujasusi. Msiende nayo. Nendeni na mtu: mzee wa kijiji, padri, mchungaji, mfanyabiashara anayejulikana nao. Hoja ni ileile, kwamba huyu ni mwalimu, ni muuguzi, watoto na wagonjwa wanamngoja. Na ombi ni lilelile, tujue yuko hai na tumpe chakula.

Makundi hayo nayo yana sheria inayoyafunga, hata yasipoitambua serikali. Kifungu cha 3 kinachoshirikiwa na Mikataba yote ya Geneva ya 1949 kinakataza kumtesa au kumdhalilisha mtu asiyeshika silaha, na kinazihusu pande zote za vita vya ndani. Kongo iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, na Oktoba 2024 mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai alitangaza kuupa uchunguzi wake nguvu mpya kwa ajili ya Kivu Kaskazini. Pengine komanda wa mlimani hajali. Wakubwa wake wanaokaa kwenye meza za mazungumzo huko Doha wanajali kidogo.

Wa kuarifiwa kwanza ni Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR. Wao huzungumza na pande zote, huomba kuwaona wafungwa na kubeba habari za familia, na hawatangazi walichokiona. Kimya chao huwaudhi wengi. Mimi nakiona kama ufunguo: ndicho kinachowafanya waruhusiwe kuingia.

Je, mpige kelele redioni? Hapa sina kanuni moja. Kwa polisi na jeshi, kutajwa kwa wakati mara nyingi husaidia, kwa sababu kuna mkubwa anayeweza kuulizwa. Kwa makundi ya msituni, jina likitangazwa kabla ya mazungumzo linaweza kupandisha bei ya mtu au kumfanya atoweke. Shauri la familia litangulie la sendika, na mjumbe aliyeanza kuongea nao aulizwe kabla ya yeyote kwenda kwa mwandishi wa habari.

Na mapigano yakikaribia mji ambako amefungwa, ongezeni haraka. Tarehe 27 Januari 2025, Goma ilipokuwa ikianguka, wafungwa walivunja gereza la Munzenze, moto ukawaka, na wanawake wengi wakafia ndani. Gereza linakuwa mtego pale walinzi wanapokimbia. Ombeni mapema aachiwe kwa muda au ahamishwe.

Kupeleka habari mbali

Habari inayosafiri vizuri haizidi ukurasa mmoja: jina, kazi, cheo katika sendika, siku, saa na mahali aliposhikwa, nani alimshika, yuko wapi, ameonekana lini na nani, hali ya mwili, sababu waliyotoa, na mgogoro wa kazi uliotangulia. Msitie hasira, hasira yao wataipata wakisoma. Ipelekeni kwa ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, kwa tume ya taifa ya haki za binadamu, CNDH, na kwa shirikisho lenu Kinshasa, liwe UNTC, CSC au CDT. Tangu 2025 uongozi wa jimbo umehamia Beni kwa muda, kwa hiyo barua za gavana zielekezwe huko.

Shirikisho lina mlango ambao ninyi hamna: Kamati ya Uhuru wa Kujiunga ya Shirika la Kazi Duniani, iliyoundwa 1951. Malalamiko yake hutoka kwa chama cha wafanyakazi, na hayangoji mahakama za nchi zimalize. Kongo iliridhia Mkataba namba 87 wa uhuru wa sendika mwaka 2001, kwa hiyo haiwezi kusema haiujui. Kamati huenda polepole, lakini barua yake kwa serikali hushuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mtu mwenye daftari.

Jihadharini na wiki ya tatu. Hapo ndipo watu huchoka kupeleka chakula. Makhan Singh, katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Nairobi, alikamatwa Mei 1950 na hakuwa huru hadi Oktoba 1961. Hakuna delege wa Masisi anayepaswa kuhesabu hivyo. Gawaneni siku kwa zamu iliyoandikwa, Jumatatu mwalimu wa hisabati, Jumanne wa darasa la pili, ili mke asibaki peke yake na sahani.

Na siku ya kwanza, kabla ya yote kuchanganyika, mwajiri aandikiwe barua kwamba mfanyakazi huyu amezuiliwa. Kwa sheria ya kazi, kufungwa kunasimamisha mkataba, hakuukati papo hapo. Lakini asiyetolewa taarifa huandikwa mtoro, na mtoro hufutwa. Mwalimu mkuu naye ana daftari lake la mahudhurio. Kwenye mstari wa mwenzenu asiache wazi, wala asiandike "hayupo". Aandike "amezuiliwa", na tarehe, kila asubuhi.